Mashuka ya Wazazi Juu ya Kitanda cha Maji

Sitawazungusha, ndugu zangu: niliiba mashuka ya wanawake wanaojifungua. Niliyaiba mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na kanga mpya kiunoni. Mkitaka kunilaani, nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa nilikuwa muuzaji wa duka la ushirika kijijini kwetu, upande wa Handeni kwenye ukame. Mume wangu ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Mkutanoni alitamka neno "usawa" mpaka mate yanamruka, nami nimekaa mbele napiga makofi kuliko wote. Weee!

Basi kule Korogwe, Mzungu mmoja fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge alikuwa anarudi kwao, akagawa vyombo vyake. Wenzetu wakachukua masufuria na viti. Mume wangu akachukua kitanda cha maji.

Ndiyo, cha maji! Fremu ya mbao kama sanduku, na ndani yake mfuko mkubwa wa plastiki unaojazwa maji. Ukilala, unayumbishwa kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Mfuko ule ulikunywa maji kama zizi zima la ng'ombe. Na maji yenyewe, kiangazi kile, yaliletwa na lori kutoka mjini, wanawake wakiyasubiri na ndoo zao juani. Mwenyekiti akaamuru lori lianzie uani kwetu. Watu walipouliza, tukasema ni akiba ya wageni wa serikali. Wageni gani! Wageni ni mimi na yeye, tumelala chali.

Lakini raha ile ilikuja na adhabu yake. Shuka halikai! Nikilitandika vizuri, nikipanda tu, kona zinachomoka, shuka linajisokota chini ya mgongo kama kamba. Plastiki nayo inanata kwa jasho, ukigeuka inalia kwaaa! Tukawa tunaamka tumenuniana.

Nikamwita Fundi Mhina, mshonaji wetu. Akaja na futi yake shingoni. Akapima, kitanda kikayumba. Akapima tena, kikampa jibu lingine.

"Mama, nipime nini hapa? Kitu chenyewe hakitulii!"

"Pima hivyohivyo, fundi."

Akakizunguka, akakibonyeza. "Hiki kinataka shuka pana, lishuke mpaka chini ya mfuko. Kona nizishone kama vifuko, nitie lastiki ziushike mfuko kwa chini. Tena nisilikaze sana, maana mkilala kinabonyea. Na kitambaa kiwe kizito. Unacho?"

Swali hilo! Dukani hata kaniki haikuwepo. Watu walihangaika kupata sanda ya kuzikia. Kilichokuwepo ni robota dogo moja tu nililopokea: mashuka meupe mazito yenye mstari wa buluu pembeni, ya wodi ya wazazi katika zahanati yetu. Kazi yangu ilikuwa kuyakabidhi kwa Nesi Stella.

"Ninacho," nikasema.

Fundi alipoyaona, alinitazama, akatazama chini, akayaunganisha yote kuwa shuka moja. Angesema nini mbele ya mke wa mwenyekiti?

Nesi Stella akaja dukani. "Mama, mashuka yetu vipi? Vitanda viko wazi."

"Hayajafika, nesi. Si unaijua barabara ya Korogwe!"

Maskini barabara, ikabeba dhambi zangu. Na nyumbani shuka lilikaa ajabu! Halikunji, halichomoki. Asubuhi nilikuwa nalipapasa kwa kiganja, natabasamu peke yangu kama mwehu.

Kisha wifi yangu Mwanahawa, dada wa mume wangu, akashikwa na uchungu. Huyu ndiye aliyenipokea nilipoolewa, akanifundisha kuishi na watu wa nyumba ile. Alikuwa ameshazika watoto, sasa akapata huyu, wa kike, mzima. Nikampelekea uji zahanati.

Nilimkuta amelala juu ya gunia la katani. Alipojigeuza kunisalimu nikauona mgongo wake: umechubuka wote, chapa ya gunia imekaa juu ya ngozi.

"Wifi," akaniambia taratibu, "wewe uko dukani. Nitafutie basi hata kipande cha shuka nimfunike mwanangu."

Ee Mungu wangu! Nilimjibu nini?

"Vitu vimeadimika, wifi." Nikamnywesha uji ili asiniulize zaidi.

Nilirudi nyumbani nikashika kona ya lile shuka, nikavuta. Halafu nikawaza: watu wataniuliza limetoka wapi. Nikairudisha kona mahali pake, nikalala. Tena nikapata usingizi!

Haukupita muda mrefu, lastiki ya kona moja ikalegea. Badala ya kumwita fundi nikabana kwa pini. Mume wangu akatoka mkutanoni mchana, amechoka kuwasema wanyonyaji, akajitupa kitandani kwa uzito wake wote. Pwaaa!

Maji yakapita chumbani, yakapita sebuleni, yakatoka mlangoni. Na uani walijaa nani? Wanawake wa kijiji kizima na ndoo zao, wanasubiri lori, si tulitaka wenyewe lianzie kwetu!

"Maji!" mmoja akapiga kelele.

Waliingia kama nzige. Wakamkuta Mwenyekiti amekaa ndani ya fremu kama mtoto kwenye beseni, suruali imemgandia. Hawakumsalimu. Wakachota kwa bakuli, kwa kata, kwa viganja. Mmoja akalivuta shuka, akalikamulia kwenye ndoo yake.

Nesi Stella naye alikuwepo. Akaushika upindo wa lile shuka, akaupitisha vidoleni mpaka kwenye mstari wa buluu. Akanigeukia.

"Kumbe barabara ya Korogwe inaishia hapa."

Walicheka! Kicheko kile kiliniuma kuliko bakora. Mkutano ukaitwa, mume wangu akavuliwa uenyekiti, nami nikanyang'anywa funguo za duka. Hayo yote niliyameza. Lakini Mwanahawa hakucheka wala hakugomba. Siku ile ya maji alisimama mlangoni petu na mtoto kifuani, akalitazama shuka, akanitazama mimi, akaondoka. Mtoto yule sikumpakata hata siku moja. Alikua, akaolewa, na kwenye harusi yake nilikaa nje na majirani, nikala pilau kama mpita njia.

Sasa nawaonya ninyi mnaosoma. Ukitafuta shuka, pima kitanda chako: urefu, upana na kina. Lakini kabla ya hapo toka nje, ukamuulize jirani yako amelalia nini. Ukiona aibu kumuuliza, basi hapo ulipolala si mahali pako.

Shuka!