Nioneshe Risiti Kwanza

Mwanamume aliyeniacha nilikutanishwa naye tena kwenye igizo la serikali, yeye akiwa amepangiwa kunichumbia.

Ilikuwa Tukuyu, miaka ile ya soko huria, mitumba ilipoanza kuingia kwa marobota na kila mwenye baraza akaigeuza duka. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye duka la baba, pale Ibighi. Baba aliuza sukari, mafuta ya taa na sabuni za kukata, na mashati ya mitumba ambayo mimi niliyapunguza mikono yakawatosha watu wa kwetu. Huyo aliyeniacha alikuwa kijana wa Ikuti aliyekuja mjini kuuza viatu vya mitumba sokoni. Sisi Waislamu hatukuwa wengi pale, tulijuana nyumba kwa nyumba, kwa hiyo alipoanza kukaa barazani kwetu kila jioni hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Wazee wake walileta posa, baba akaipokea.

Kijana huyu hakuwa analipa kodi ya kichwa. Serikali iliiita kodi ya maendeleo, lakini jina hilo lilibaki ofisini. Mwanamume mzima alitakiwa ailipe kila mwaka na atembee na risiti mfukoni, na siku za gulio mgambo walisimama njiani na marungu wakiwauliza wanaume mmoja mmoja. Asiye na risiti alipelekwa ofisi ya kata. Niliona watu wenye wajukuu wakitimua mbio kuingia migombani. Yeye alikimbilia kwangu. Aliingia chini ya meza ya kukatia nguo, mimi nikashusha kitambaa mpaka sakafuni nikaendelea kushona. Mgambo walipouliza, nilisema sijaona mtu. Niliusema uongo huo bila hata kupepesa macho, maana niliyemficha alikuwa mume wangu mtarajiwa.

Kisha akapata urafiki na tajiri mmoja wa lori, aliyeleta mchele kutoka Kyela na kupeleka ndizi Mbeya. Akaanza kupanda lori, akaanza kula kwa tajiri, barazani kwetu akawa anapita tu akipunga mkono. Hakuniambia lolote. Siku moja shangazi wa binti wa tajiri alikuja na satini ya rangi ya maziwa.

"Ya binti yetu," alisema. "Anachumbiwa."

"Na nani?"

Akalitaja jina akiangalia futikamba yangu, si uso wangu. Nilipima, nikakata, nikashona. Nilishona vizuri kuliko kawaida, maana sikutaka mtu aseme nimeiharibu kwa wivu.

Kuachwa ningesahau, wanawake huachwa. Lakini baba alianza kuswali safu ya nyuma, na imamu akishatoa salamu tu, yeye alikuwa wa kwanza kuvaa viatu mlangoni ili asiulizwe harusi ya binti imefikia wapi. Niliona hivyo Ijumaa moja nikiwa nampelekea mtu kanzu yake. Pale ndipo nilipomchukia yule kijana, na sikujizuia.

Ndipo halmashauri ikataka watu walipe kodi bila kukimbizwa, na ofisa wake wa utamaduni, bwana utamaduni tulivyomwita, akatunga igizo. Msichana mzuri anaposwa na wanaume wengi. Kila anayekuja, msichana anamwambia, "Nioneshe risiti kwanza." Mmoja ana ng'ombe, mwingine ana shamba la chai, mwingine ana redio ya kaseti, wote hawana risiti, wote wanafukuzwa. Wa mwisho ni kijana wa kawaida, lakini anatoa risiti mfukoni, msichana anaipokea, ngoma inapigwa, wanaoana. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilijua kuimba. Yeye alichukuliwa awe huyo wa mwisho, kwa sababu alikuwa na sura na viatu vizuri.

"Mnafahamiana?" bwana utamaduni alituuliza siku ya kwanza ya mazoezi.

"Kidogo," nilisema.

Tulipobaki wawili kando, alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Yaliyopita tuyaache, dada."

Aliniita dada. Mtu aliyejikunja kwenye miguu yangu akiomba nisimtoe.

"Hamna shida, kaka," nikamjibu.

Risiti ya kwenye igizo ilikuwa ya kweli, yenye mhuri, ili watu waijue wakiiona. Ilikuwa ya bwana utamaduni mwenyewe. Alimkabidhi yule kijana kabla ya kila onyesho, na tukimaliza aliidai na kuirudisha kwenye pochi yake. Tulicheza stendi ya Tukuyu, tukacheza Lufingo, na kila mara niliipokea, nikaiinua juu watu waione, nikatabasamu kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nasubiri Ikuti. Kwao.

Tulifika Ikuti siku ya gulio. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na uwanja ulikuwa unateleza. Mama yake na wajomba zake walikaa mbele kabisa kwenye mkeka, wamejaa fahari. Mtendaji wa kata alipewa kiti, mgambo wakasimama nyuma yake. Pembeni lori la yule tajiri lilikuwa linapakia ndizi, naye mwenyewe ameegemea mlango, amekunja mikono, anamtazama mkwewe mtarajiwa.

Nilifukuza mwenye ng'ombe. Nilifukuza mwenye chai na mwenye redio. Akaja yeye, akapiga goti, akatoa risiti. Niliipokea. Sikuiinua. Niliisoma.

"Hili jina si lako," nilisema kwa sauti. "Hili ni jina la bwana utamaduni."

Watu walicheka. Mpiga ngoma alinyanyua mikono akijua zamu yake imefika, akaona sisimami mahali pangu, akaishusha.

"Ya kwako iko wapi?"

Alitabasamu akijaribu kunirudisha kwenye mstari. "Mpenzi, tuoane kwanza."

"Nioneshe ya kwako."

"Nimeiacha nyumbani."

"Nyumbani wapi? Chini ya meza yangu ya kukatia nguo, ulikokuwa unajificha mgambo wakipita?"

Bibi mmoja aliyekaa karibu na mkeka, Kinyakyusa kimemjaa kwenye Kiswahili chake, alisema, "Mwache aoneshe lisiti, mbona anasungukasunguka?" Uwanja mzima ukadaka neno hilo. "Lisiti. Lisiti." Mtendaji alikuwa anacheka pamoja na wengine. Kisha nikamwona anaacha kucheka. Akageuza kichwa akamwambia mgambo jambo fupi.

Walimchukua akiwa bado na poda ya igizo usoni. Hapo ndipo watu walipoelewa kwamba igizo limekwisha, na wanaume wawili watatu wakaanza kuondoka taratibu kuelekea migombani. Tajiri wa lori hakusogea kumtetea. Alimalizia kupakia ndizi zake, akapanda, akaondoka.

Walimfungia kwenye stoo ya mbolea mpaka mjomba wake alipokwenda kumlipia, miaka yote aliyokwepa pamoja na faini. Alitoka alasiri, ananuka mbolea, akanikuta nimesimama kando ya gari la halmashauri nikisubiri wenzangu.

"Umeniaibisha mbele ya mama yangu," alisema.

"Wewe ulimwaibisha baba yangu mbele ya msikiti mzima."

Alijikung'uta mbolea kwenye suruali. "Basi tumelipana."

"Bado," nikamwambia, nikapanda gari.

Bwana utamaduni alinigombeza njia nzima. Alisema nimeharibu kazi ya serikali, nimemtaja jina hadharani, na siku ya pili nisije. Sikuenda. Lakini kijiji tulichotakiwa kwenda baada ya hapo kilituma ujumbe kwamba kinataka lile igizo la chini ya meza, na bila hilo wasijisumbue. Akaja barazani mwenyewe, amevua kofia.

"Ile meza unaweza kuigiza kila siku?" aliuliza.

"Naweza kukuandikia na maneno yake."

Nikamwandikia. Tukabeba meza yangu kwenye gari. Kijana mmoja mwembamba wa kwaya alikubali kuingia chini yake, anachungulia, anatetemeka, anavaa viatu vya mitumba vinavyong'aa, na mimi nashusha kitambaa. Hatukutaja jina la mtu. Halikuhitajika. Tulizunguka nalo wilaya nzima msimu ule, na sokoni Tukuyu watoto walikuwa wakimwona yule kijana wa Ikuti wanainama na kuchungulia chini ya meza yake ya viatu. Tulipolicheza tena stendi, baba alikuja kutazama, amesimama na wazee wenzake wa msikitini. Mmoja wao alicheka mpaka akamshika baba begani ili asianguke. Jioni hiyo nyumbani baba aliniongezea nyama kwenye sahani yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Uchumba wa binti wa tajiri ulivunjika bila kelele. Yule kijana alihamia Mbeya na biashara yake. Halmashauri ilikosa mafuta ya gari, kundi likafa, nikarudi kwenye cherehani.

Mwaka mmoja baadaye nilikwenda Mbeya kununua vitambaa. Niliuliza watu wa viatu wako upande gani, ingawa ningeweza kupita njia nyingine. Nikapita mbele ya meza yake. Alikuwa ametandika mali nzuri, viatu vya kike vya ngozi laini vya saizi yangu kabisa. Aliinua macho akaniona, akasimama.

"Karibu," alisema.

"Ahsante," nikasema, nikamsalimia kwa heshima zote, nikasogea kwa jirani yake, nikajaribu jozi moja baada ya nyingine bila haraka huku ananitazama, kisha nikanunua pale.