Mama Namsifu hakuonja

Leo kilabuni kwake Mama Namsifu amenipa kibuyu cha pombe ya dengelua bila kuonja kwanza.

Kwetu Myamba muuzaji hupiga funda la kwanza mbele yako, ujue hajatia sumu. Hata adui yake humwonjea.

Ndiyo, nimesema pombe yake ya miwa ni maji ya kuoshea vyombo. Nimesema kwenye shamba la kijiji, watu wote wakisikia. Nikawaambia waende kunywa kwa Mama Nakunda.

Basi kilabu kizima kikaweka vibuyu chini. Hata balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye chake hakiweki chini hata akiitwa kanisani.

Nikamwambia, "Mama, hujaonja."

Akafuta mikono kwenye kanga. "Ndugu, si wewe ndiye mwonjaji wa kijiji? Onja."

Nikikataa, nimemwita mchawi mbele za watu.

Nikanywa. Chote. Hakubandua macho mpaka tone la mwisho.

Na jamani, ilikuwa tamu. Ya Mama Nakunda haifui dafu.

Mngekuwa ninyi, mngerudisha kibuyu?

Sasa nimejilaza, nalisikilizia tumbo. Nikiamka salama nitakwenda kumsifia mwenyewe. Nisipoamka, mwambieni ilikuwa tamu.