Muuza Nyama Aliyeambiwa Asijikate

Sokoni walimwita Steki, hata mkewe. Alikuwa ameuza nyama tangu ujana na bado alikuwa na vidole vyake vyote, jambo ambalo kwa kazi ile si dogo.

Mguu wake wa kushoto ulipovimba na kupata moto, alisingizia kusimama sana. Daktari alisema damu imeganda kwenye mshipa, na donge likipanda hadi mapafuni linaweza kumuua. Akamwandikia vidonge vya kuzuia damu kuganda.

"Jihadhari usijikate. Damu itachelewa kukatika."

"Mimi nauza nyama, daktari."

Daktari alifikiri kidogo. "Basi kata polepole."

Steki akakata polepole. Foleni ikafika hadi kwa muuza mkaa. Hata hivyo hakujikata, na mguu ukaanza kunywea.

Kilichomponza ni goti, lililoanza kumuuma. Dada yake mkubwa alimwona akichechemea, akafungua mkoba na kumpa aspirini. "Meza hizi, mdogo wangu. Ni za maumivu tu, hazina neno." Akameza, siku hiyo na zilizofuata, wala hakumwambia mtu.

Asubuhi moja pua ikaanza kutoka damu. Aliifuta kwa mkono, akaendelea kukata maini. Hakuna aliyeshtuka, nani anashangaa kuona damu buchani? Hatimaye mwalimu mmoja, mteja wa kila wiki, akasogea.

"Steki, hiyo damu ni ya ng'ombe au yako?"

"Ya ng'ombe."

"Mbona inatokea puani kwako?"

Mwalimu akamkalisha, akamwinamisha mbele na kumbana pua. Damu haikukoma. Mkewe akafunga bucha, wakaenda hospitali.

"Umekunywa dawa gani nyingine?" daktari akauliza, pua ilipokwisha kuzibwa kwa pamba.

"Hakuna."

Mkewe akamtazama.

"Aspirini," Steki akasema. "Lakini ilikuwa ya dada."

"Damu yako haijui aspirini ni ya nani. Zote mbili zinazuia damu kuganda. Ukizichanganya, hata mkwaruzo unaweza kukulaza."

Wakapima damu yake, wakamlaza. Dada alikuja kumwona huku analia, akasema alitaka kumtibu tu. Steki akamwambia asilie, kwa kuwa goti kweli lilikuwa limepona.

Aliporudi kazini, kisu kilikuwa kimeshachukuliwa. Mkewe ndiye aliyekata. Yeye akawekwa apime kwenye mizani. Aliona aibu kukaa kitako mbele ya wateja, akawa anajifanya anairekebisha mizani, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Mteja akataka mbavu. Zilitoka zimepinda, moja ndefu, moja fupi. Steki akazipima na kuzifunga kimya.

"Sema tu," mkewe akamwambia.

"Niko hai, mke wangu. Niseme nini?"

Kisha akasema. Alisema hadi mchana.