Theluji Aliyoishusha Tonton Saidi

"Franka mia mbili na kuku mweupe? Ya kuangalia mulima tu?"

Nilipokuwa na miaka tisa, hivyo ndivyo nilivyomsikia baba yangu akigomba chini ya mlima Ruwenzori, pale Mutwanga, koti begani, kidole kikitikisika mbele ya pua ya mzee aliyemzidi umri mara mbili. Mzee huyo aliitwa Paluku. Ndiye aliyekuwa akiwapandisha watu mlimani tangu enzi za Wabelgiji. Hakupaza sauti. Alisema bei ni ile ile: mia mbili za wabebaji, na kuku ni wa Mwenyewe.

"Mwenyewe njo nani?"

"Iko kule juu."

"Alors, ashuke, tuongee na yeye bei!"

Papa alicheka peke yake. Wabebaji waliangalia miguu yao. Hasira zangu nimezirithi kwake, sikatai, lakini siku ile hata mimi mtoto nilitamani anyamaze.

Nieleze tulifikaje kule, maana mtu wa Kisangani hana shughuli na theluji. Papa alikuwa karani. Miaka mingi alimpigia mashine Mzungu mmoja ambaye kila kiangazi alipanda mlima huo na kurudi na picha. Uhuru ulipokuja, Mzungu akaondoka, Papa akakalia kiti chake na kuachiwa gari la ofisi. Akanunua kamera na kofia. Akatangaza mtaa wetu wa Kabondo mzima: "Leo mie njo touriste." Mama alikuwa na mtoto mchanga, akabaki. Tukaenda watatu: Papa, mimi, na mdogo wake mama, Tonton Saidi, aliyekuwa fundi na dereva. Siku tatu za barabara, msitu kulia, msitu kushoto, hadi Beni na kupita.

Asubuhi ya ugomvi ule mawingu yalifunguka. Nikaona kitu cheupe kimekaa angani, hakina miguu, maana chini yake mawingu yalikuwa bado yamefunga. Sikujua kama ni mlima. Niliinua kidole. Mzee Paluku akakishika kidole changu, akakikunja taratibu ndani ya kiganja changu, kama mtu anayefunga mlango kwa heshima.

"Haonyeshwe na kidole, mama. Iko mutu mukubwa."

Tonton Saidi alikuwa chini ya gari na spana zake. Alitoka, akajifuta mikono, akaenda kwa mama mmoja pale jirani, akarudi na kuku mweupe aliyemnunua kwa pesa yake mwenyewe. Akampa mzee kwa mikono miwili. Papa akazihesabu zile mia mbili akinung'unika, na safari ikaanza. Mimi niliachwa kwa mke wa Paluku.

Papa alifika kibanda cha kwanza. Kesho yake nikamwona anashuka, fimbo ameishika kwa mikono miwili, akisema hewa ya juu ni mbovu. Tonton aliendelea. Siku ya sita alirudi, midomo imepasuka, macho mekundu, na kifuani amekumbatia termosi ya ofisi iliyozungushiwa sweta. Wabebaji walisema hakuiweka chini hata mara moja, alilala nayo. Aliifungua, nikachungulia. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama unga wa muhogo ulioshindiliwa kwa mkono. Nikagusa, baridi ikaniuma kama moto.

"Ni ya Koko," alisema.

Koko ni bibi yetu, mama wa mama yangu na wa Tonton. Babu yake alitembea na misafara ya zamani, na aliwasimulia wajukuu zake juu ya mlima uliovaa kitambaa cheupe. Tangu utoto wake Koko aliambiwa kwamba babu yule alikuwa mwongo. Tonton alitaka mama yake aone.

Wakati wa kuagana Mzee Paluku alimwangalia Tonton, kisha mimi, kwa kuwa termosi nilikuwa nimekabidhiwa mimi.

"Ikimwangika, museme. Mutume habari, tutajua ya kufanya. Kumwanga haiko kosa. Kuficha njo kosa."

Siku ya pili ya kurudi tulisimama Epulu. Papa alitaka kupiga picha ya okapi, mnyama wa msitu ule, Tonton akamfuata. Nilibaki ndani ya gari, termosi mapajani. Nilikuwa nimekatazwa kuifungua. Lakini nilitaka kuona ule weupe mara moja tena kabla haujawa wa Koko. Nikafungua. Mlikuwa na maji tu. Nilishtuka, nikadhani tumedanganywa. Nikainamisha chupa nitafute weupe kule chini, na maji yote yakanimwagikia, gauni, kiti, miguu. Yote.

Nilimfikiria Papa na mkanda wake. Nilimfikiria Tonton na midomo yake iliyopasuka, na huyo aliniogopesha zaidi, kwa sababu yeye asingenipiga. Nyuma ya gari kulikuwa na bidoni ya maji ya radieta, tuliyoijaza bombani Mambasa. Nikachota kwa kikopo, nikajaza, nikafunga. Waliporudi na kukuta gauni limelowa, nilisema nimejikojolea. Msichana wa miaka tisa! Papa alisonya. Tonton alicheka, akavua shati lake, akanivika.

Kule Kabondo watu walijaa uani. Tonton alieleza kwamba theluji imeyeyuka njiani; Koko aliyapaka maji yale kwenye kope zake, akalia, akamtaja babu yake kwa jina. Mtoto wa jirani aliyekuwa na homa alipakwa, na homa ikashuka jioni ile ile. Baada ya hapo hakukuwa tena na mjadala. Koko akayahamishia kwenye chupa nzuri, akaiweka kabatini pamoja na kichupa cha zamzam aliyoletewa na mfanyabiashara mmoja. Kila nilipopita mbele ya kabati lile nilipita haraka.

Tonton alioa. Mke wake aliitwa Maua, msichana kutoka Barumbu, mwendo wa boti kutoka kwetu, mcheshi, aliyenifundisha kusuka. Miezi haikuwa mingi, waasi wakauchukua mji. Papa alizika kamera na tai zake chini ya jiko, maana makarani walikuwa wanatafutwa. Waasi nao walikuwa na maji yao. Kila mpiganaji alinyunyiziwa, akaambiwa risasi itageuka maji, mradi ashike masharti: asiangalie nyuma, asiguse mwanamke.

Asubuhi moja walikuja waasi wawili wakamwambia Tonton kwamba wanahitaji dereva wa lori la kupeleka wapiganaji njia ya Bengamisa. Ajitayarishe, watampitia saa kumi. Koko hakubishana nao. Walipoondoka tu, alitafuta mtumbwi. Tonton avuke mto hadi Lubunga, ashike treni ya Ubundu, kwa dada yake Koko, akae huko mpaka mambo yatulie. Tonton alikubali. Sikuambiwa na mtu, nilikuwepo. Furushi la nguo lilikuwa limefungwa. Maua alikuwa ameshika viatu vya Tonton.

"Ngoja nikupakae kwanza," Koko akasema, "barabara iko mubaya."

Akaleta chupa. Tonton akavua shati. Koko akampaka kifuani, mgongoni, chini ya makwapa, akisoma Fatiha. Nikamwona Tonton anabadilika mbele ya macho yangu. Mabega yaliyokuwa yameinama tangu asubuhi yakanyooka.

"Mama," akasema, "mie nilipanda kwa Mwenyewe. Nikashusha hii na mikono yangu. Bale benzangu banapakwa mayi ya mutoni tu, na banaenda. Donc, mie nakimbia nini?"

"Kimbia tu, mwanangu. Mayi ni ya njia."

"Nikikimbia na mayi kama hii, nitakuwa nimeitukana."

Akaliweka lile furushi chini. Maua hakuliokota, alibaki ameshika viatu.

"Koko..." nikasema.

"Nini?"

Wote wakanigeukia. Tonton alikuwa anang'aa, matone yanateremka kifuani, maji ya bomba la Mambasa.

"Nini, mutoto? Sema."

"Niko na kiu."

Maua akanichotea maji.

Wiki tatu baadaye utingo wa lori lile alirudi kwa miguu, peke yake. Risasi ilimwingia Tonton chini ya kwapa. Koko hakulia mbele yetu. Alikaa ukumbini siku nyingi akisubiri mtu amweleze, na wenye kueleza hawakukosekana. Walisema maji hayashindwi, anayeshindwa ni mtu. Basi Saidi alivunja sharti gani? Macho yakamwendea Maua, na Maua alikuwa na mimba changa.

"Mayi ya mulima haidanganyake," Koko akamwambia. "Ulimugusa."

Maua alisema mimba ilikuwepo kabla ya siku ile. Aliwahesabia miezi kwa vidole, mbele ya wanawake wote. Hakuna aliyehesabu naye. Hata eda haikuisha akaambiwa arudi kwao. Nilimbebea sufuria yake hadi kwenye boti. Kabla ya kupanda alinishika shavu: "Wewe peke yako njo ulinihurumia."

Nimeishi na sentensi hiyo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu.

Koko alikufa bila kujua. Papa na Mama vilevile. Shule ilikuwa imefungwa wakati wa vita, na ilipofunguliwa mimi sikurudi. Kusoma sawasawa nilijifunza mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia sabuni. Nauza vitambaa. Sokoni wananijua: mita yangu ni mita, bei yangu ni moja, na anayeniita mwongo anajuta. Watu husifu. Hawajui unyofu huo ulianza kwa nini, nami sikuwahi kuwaambia, kwa hiyo sina hakika kama ni unyofu.

Nimeigeuza habari hii pande zote. Anayeamini atasema maji ya kweli yangemlinda, na mimi niliyamwaga nikaweka ya radieta. Asiyeamini atasema maji ni maji, lakini ningefungua mdomo angevuka mto akaishi. Nimejaribu kuamini, nimejaribu kutoamini. Nikipita huku ni mimi, nikipita kule ni mimi. Kwa miaka mingi nilimkasirikia Mzee Paluku, nikasema ametufunga na ushirikina wake. Siku hizi namsikia vingine. Maneno aliyotuambia wakati wa kuagana hayakuwa na uchawi wowote. Hata hakimu angeyasema.

Mwaka jana tulikuwa matangani kwa shangazi yetu mmoja. Binti wa Tonton alikuja kutoka Barumbu na vikapu vyake vya samaki wa kukausha. Anaitwa Aziza, amepita miaka hamsini, ana mabega ya baba yake. Tulipokuwa tunakula, mzee mmoja wa familia, mama mtu mzima anayeheshimika, akamnong'oneza jirani yake kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Huyu njo yule mutoto wa kuvunja sharti."

Aziza aliinamisha macho kwenye sahani. Aliinamisha kama mtu aliyezoea.

Damu ikanipanda. Nilisimama, nikapiga sahani chini, wote wakanyamaza wakinitazama. Na pale, nilipokwisha kupata ukimya wote niliouhitaji, hasira ikaniacha. Nilimshika Aziza mkono nikamtoa hadi nyuma ya jiko, na huko, kati ya kuni na masufuria, nikamwambia. Epulu, gauni, bidoni, kiu. Sikupunguza chochote. Nilipomaliza nilikuwa nalia, nikamwambia pole, nikamwambia dukani kwangu achukue kitambaa chochote anachotaka, yeye na mama yake.

Hakulia. Alijifuta mafuta ya samaki kwenye vidole, kimoja kimoja.

"Yaya," akasema, vile tunavyomwita dada mkubwa, "batu baliokula pale ndani, bangali bamekaa?"

"Wamekaa."

"Bon. Pole sitaki. Kitambaa sitaki. Utaingia sasa hivi, utabaambia yote vile umeniambia mie. Kisha siku ya ine tunapanda boti, unaenda kuisema Barumbu, mama angali anasikia. Tangu nizaliwe muko na jina yake ya muzuri. Muirudishe."