Ufunguo wa Chumba cha Mahindi

Wakati wa kampeni zile za urais tulikuwa na mahindi ya kula chumba cha nyuma, hapa Matogoro, na ufunguo nilikuwa nao mimi, nimeufunga kwenye pindo la kitenge. Mume wangu si mlevi wala mwizi, nisimsingizie. Ila mwaka mmoja aliuza akiba yote bila kuuliza mtu, tukanunua unga wa dukani mpaka mahindi mabichi yalipotoka. Alisema yeye ndiye baba wa nyumba.

Jioni moja tunakula, redio ikiongea. Mgombea mmoja akasema rais ni mzazi, na mzazi haulizwiulizwi, anaaminiwa. Mume wangu akapiga paja.

"Umesikia? Huyo kaongea."

Mimi niliishia darasa la saba, huenda haya ya utawala yana maana nisiyoiona. Akafuata mgombea mwingine redioni, akasema yeye ni mtumishi wetu. Huyo nilimpenda kidogo, halafu nikamshuku naye. Mtumishi gani anakuja na msururu wa magari, sisi mabosi tumesimama juani?

"Mama watoto," akasema mume wangu, "kesho naomba ule ufunguo. Kuna mnunuzi anatoka Namtumbo na gari."

Nikaona redio na ufunguo vimefuatana mno.

"Unauza kiasi gani? Kwa ajili ya nini?"

"Umekuwa polisi? Niamini."

"Kama yule wa redioni?"

Mama mkwe, niliyedhani amesinzia, akacheka mpaka akakohoa. "Mjibu mwenzio, baba. Jembe mlishika wote. Kama ni jambo jema, kulisema kunakuchoma nini?"

Akasukuma sahani. Baadaye akasema, kwa shingo upande: magunia mawili tu, anunue mbolea.

Kesho yake nilifungua mwenyewe, nikasimama mlangoni wakati wanabeba. Mnunuzi akanitania, "Mama, wewe ni wakala wa chama gani, unalinda kura?" Wote wakacheka. Mume wangu alicheka pia, lakini akaangalia chini.

Yalitoka magunia mawili kweli. Mbolea ikaja. Kura tukapiga, kila mtu na siri yake, na mahindi yakatufikisha mpaka mapya.

Basi hapo ndipo nikakosa raha. Pengine angeuza hayo mawili tu hata kama nisingesema neno. Pengine nilimwaibisha bure mbele ya mgeni. Au aliuza mawili kwa sababu nilisimama pale? Sina namna ya kujua. Nikamwambia hivyo hivyo, nikafungua pindo, nikampa ufunguo.

Akaugeuzageuza kiganjani, akanirudishia.

"Kaa nao. Ila na wewe ukichota, uwe unaniambia."

Nikaufunga tena kwenye kitenge. Usiku ule nikawa najiuliza ananishuku nini.