Sukari Niliyotia Kwenye Vibakuli vya Eliwaza

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni taratibu, na mkitaka kucheka chekeni, maana kwaya nzima ya akina mama imeshanicheka na bado nipo. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitegemee maneno ya mapambo. Nitawaeleza tu jinsi mimi, bibi niliyelea watoto sita na kuwachapa wote kwa kukosa adabu mezani, nilivyoiharibu meza ya mjukuu wangu mbele za watu, tena niliiharibu kwa adabu.

Mjukuu wangu anaitwa Eliwaza. Nimemlea mwenyewe hapa mlimani Meru, akasoma, akapata kazi mjini Arusha kwenye ofisi ya kupokea watalii, akawa anakaa mbele ya kompyuta anajibu barua za watu wanaotaka kujua kama simba watakuwepo Jumanne. Alifanya hivyo miaka minne. Kila Jumapili jioni chakula kilikuwa hakimshuki, na mimi namwambia kazi si harusi, haikuwekwa ili ikufurahishe, kula ulale uwahi gari. Basi siku moja akaja katikati ya wiki, akaniamkia, akakaa, akasema ameacha. Anachoma kahawa. Amekodi chumba Ngarenaro, kati ya fundi wa kuchomelea na fundi cherehani, akiba yake yote ameinunulia mashine ndogo ya kuchomea kahawa iliyokwisha kutumika, na kahawa yenyewe anachukua ya kwetu, hii hii ya shambani kwangu.

Hapo mnielewe. Mimi nalima kahawa tangu nimeolewa. Nimeipogoa, nimeichuma, nimeimenya kwa mashine ya mkono mpaka bega likakataa kunyooka, nimeianika na kuikimbilia mawingu yakifunga. Lakini kuinywa, hatuinywi. Nyumbani kwangu ni chai ya maziwa, asubuhi na jioni, na kahawa inapelekwa chama cha msingi cha ushirika, inakokwenda baada ya hapo shauri yao. Kwa hiyo mtu aliyesoma aache kiti cha ofisini akaunguze kahawa kwenye kibanda, niliona amepatwa na kitu kichwani (na niliomba juu ya jambo hilo, siwafichi).

Kanisani wakiniuliza, "Eliwaza hajambo huko ofisini?" nikawa najibu, "Hajambo." Basi. Neno moja tu, na kweli alikuwa hajambo. Neno hilo nililifuga miezi minane.

Jumapili moja akaja nyumbani na kikopo kidogo cha bati, mfuniko umezungushiwa selotepu, akasema, "Bibi, hii ni ya shamba lako, nimeichoma jana. Onja uniambie." Akanieleza kwamba Jumatano watakuja wanunuzi wawili, wana maduka ya kahawa Dar es Salaam, na wakiipenda watakuwa wanachukua kwake kila mwezi. Nikauliza, "Na wasipoipenda?" Akasema kodi ya chumba itamshinda. Nikamwambia basi tukubaliane, wakikataa unarudi ofisini, maana nilijua bosi wake wa zamani amemwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Akanisukumia kile kikopo. Halafu akasema, "Sawa, Bibi." Kikopo nikakitia kwenye pochi yangu chini ya kitabu cha nyimbo na nikakisahau (nitasema ukweli, sikukisahau, nilikuwa nangoja siku atakayorudi ofisini nimrudishie).

Jumatano hakunialika mtu. Ni mimi niliyejisemea niende tu nikaone. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kabisa, na mngeniona nilivyojifunga kitenge mngedhani nakwenda ubatizoni. Nikakamua ng'ombe, nikachemsha maziwa, nikayatia kwenye chupa ya chai, kwa sababu sijazoea kwenda kwa mtu mikono mitupu.

Ngarenaro hiyo hiyo, mtaa wa pili, ndiko liliko duka la Mama Tumaini, Mchaga mmoja jirani yangu wa mlimani tunayeimba naye kwaya. Akaniona napita. "Mama Zakaria, leo umeshuka mjini?" Nikamwambia nakwenda kwa Eliwaza, ana wageni. "Wageni wa ofisini?" Na mimi na lile neno langu la kufugwa nikajibu, "Wa ofisini." Akasema basi ngoja amwachie msichana duka anisindikize, mtoto hajamwona siku nyingi. Ningemkatalia vipi?

Tulipofika mlango ulikuwa wazi na ndani hakuna mtu, namsikia tu Eliwaza kwenye stoo ya nyuma akiwaonyesha wageni magunia. Mezani kulikuwa na vibakuli vyeupe kumi kwa mstari, vina maji ya moto, na juu yake unga wa kahawa umeelea kama tope la njiani. Hakuna sukari. Hakuna maziwa. Hata andazi la kumdanganya mgeni hakuna.

Mama Tumaini akavitazama, akaguna. "Hivi ndivyo mnavyowakaribisha wageni wa ofisi?"

Guno lile lilinichoma. Nikamwambia, kimbia dukani kwako niletee sukari nusu kilo, upesi. Na alikimbia, mama wa watu na mwili wake ule. Mimi nikachukua kijiko nikaanza kuengua tope, bakuli moja baada ya jingine, namwaga kwenye ndoo, nasema moyoni huyu mtoto sikumfundisha hivi. Sukari ilipofika nikatia vijiko viwili viwili, nikajazia maziwa mpaka rangi ikawa ya kueleweka, nikakoroga. Nilikuwa kwenye bakuli la kumi wageni walipoingia.

Mama mmoja wa miwani akasema, "Shikamoo." Nikaitikia marahaba, karibuni, karibuni, isije ikapoa. Mwenzake, mwanaume wa makamo, aliinama juu ya bakuli kama mtu anayekagua tairi lililopasuka.

Eliwaza hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alisema polepole, "Bibi, ungeniambia tu kwamba unataka nirudi."

Ndipo nikajua anafikiri nimefanya makusudi. Na yeyote aliyetusikia Jumapili ile angefikiri hivyo hivyo. Mama Tumaini naye, kifurushi cha sukari bado kiko mkononi, akauliza, "Arudi wapi?" Nikaona hapa hakuna pa kujificha. Nikasema, kwa sauti ili wote wasikie nisije nikarudia, kwamba Eliwaza aliacha ofisi miezi minane iliyopita, nimekuwa nikidanganya kanisani, na hivi vibakuli nimevitengeneza kwa sababu niliona mjukuu wangu atawanywesha wageni tope. Sikujua kwamba kahawa ya kupimwa huachwa hivyo ikae dakika chache, na kwamba kijiko kimoja cha sukari kinaimaliza.

Mama wa miwani akauliza, "Ulichoma nyingine, Eliwaza?"

"Ya shamba la Bibi nilikuwa nayo hiyo tu. Nikichoma sasa hivi lazima ilale kwanza usiku mmoja ndipo ionjwe."

"Sisi saa nane tunaondoka kwenda Mbeya," akasema yule mwanaume, na akaanza kufunga daftari lake.

Mkono wangu ulikuwa umeshika pochi. Nikaifungua, nikatoa kitabu cha nyimbo, leso, dawa za presha, mwisho kikopo. Nikakiweka mezani. Eliwaza akakitazama na selotepu yake yote kama alivyoizungusha yeye.

"Hukuonja," akasema.

"Sikuonja."

Hiyo aibu, vijana, ilikuwa kubwa kuliko ya sukari.

Akasaga, akachemsha maji upya, vikatoka vibakuli vitano. Safari hii nilikaa kwenye kiti pembeni, mikono mapajani, na Mama Tumaini ananilinda kama askari. Muda ulipofika wale wageni wakachukua vijiko na kuvuta kahawa kwa kelele, fyuu, kama ng'ombe kwenye hodhi, kisha wakatema kwenye kopo. Watu wazima. Nilishika kiti nisinyanyuke. Halafu mama wa miwani akanipa kijiko na kusema, "Mama, na wewe mwenye shamba."

Nikavuta kistaarabu. "Kwa nguvu, Bibi," akasema Eliwaza. Nikavuta kwa nguvu, ikapita njia isiyo yake, nikakohoa mpaka nyingine ikamwagikia kitenge. Lakini iliyobaki mdomoni niliisikia. Ilianza uchungu, kisha ikaja kitu kama ndimu, kisha utamu kama wa sukari guru, na hakuna aliyetia kitu. Miaka yote ile nilikuwa naubeba utamu huo kichwani kwenye gunia.

Yule mwanaume akafungua tena daftari, akaanza kuuliza, shamba liko upande gani wa mlima, mnachuma mara ngapi, inalala kwenye maji usiku ngapi. Eliwaza akanigeukia mimi, nikajibu yote, kwa sababu hayo ndiyo ninayoyajua. Mgeni akauliza, "Na wewe mama huwa unaipenda iliyochomwa sana au kidogo?" Nikasema sijui baba, leo ndiyo mara ya kwanza. Hapo Mama Tumaini alishindwa kujizuia akacheka mpaka fundi cherehani akaja kuchungulia.

Ijumaa walipiga simu kutoka Mbeya. Wataanza na mzigo mdogo, wakiona unakwenda wataongeza. Kile kiti cha ofisini kimeshapewa mtu mwingine, na Jumapili jioni Eliwaza anakula mpaka anaongeza. Mimi kwayani naitwa Mama Sukari, nami naitika.

Jumapili ya kwanza baada ya simu ile, ibada ilipokwisha, niliwakusanya wote wa nyumbani, wanangu, wakwe na wajukuu, nikawaambia hivi: kuanzia leo mtu akiuliza Eliwaza anafanya kazi gani, mwambieni anachoma kahawa Ngarenaro. Akiguna, mpeni kiti, mchemshieni kahawa, na sukari iacheni kabatini.