Nilimfukuza Mkwe kwa Harufu ya Mbwa

Wasomaji wenzangu, nimekosa, tena kosa la kijinga hasa. Nilimfukuza mke wa mwanangu kwa harufu iliyotoka matakoni mwa mbwa!

Chekeni, mnayo haki.

Nilikuwa yaya kwa Mzungu mmoja wa kazi za bandari hapa Mtwara. Aliporudi kwao akaniachia mbwa wake, Jimi. Basi, nikavimba kichwa! Majirani wa mtaa wetu wa Rahaleo waliponisema kwamba Mwislamu mzima nafuga mbwa, nikawaambia wana wivu. Nilimlisha wali laini kwa mchuzi mpaka akanenepa kama gunia.

Mwanangu Hamisi akaoa. Binti mwenyewe, Somoe, alitoka Msimbati, kwa wavuvi. Sikumtaka. Nilitaka binti wa watu wanaovaa viatu! Mimi, niliyefua soksi za wenzangu maisha yangu yote!

Haukupita muda, nyumba ikaanza kunuka samaki aliyeoza. Inakuja ghafla, inaondoka. Wala sikujiuliza mara mbili. Itoke kwa nani kama si kwa mtoto wa mvuvi?

"Somoe, umeoga?"

"Nimeoga, mama."

"Kaoge tena."

Akaenda. Nikamfulisha mashuka, nikamwambia aanike godoro, nikamkataza jikoni. Kisimani nikawaambia wanawake wenzangu wazibe pua akipita. Wakaziba! Nami nikacheka, shetani mimi.

Siku moja akanijia kwa adabu. "Mama, usinikasirikie. Harufu ni ya Jimi. Hujamwona anavyojiburuta makalio kwenye mkeka? Na kutwa anajilamba chini ya mkia. Anaumwa yule."

"Mbwa huyu ameogeshwa kwa sabuni ya Kizungu kabla wewe hujaijua sabuni!" nikamfokea. "Usimsingizie."

Kesho yake akafunga kanga zake, akarudi kwao na mimba yake tumboni. Hamisi alipotoka kazini nikamwambia, "Sasa nyumba itapumua."

Haikupumua! Somoe hayupo, godoro lake nimelitupa, na uvundo uko palepale, tena umezidi. Hata hapo sikukubali. Nikasema harufu yake imeingia ukutani. Ukutani, jamani!

Jimi akaacha kula. Akienda haja, analia. Pembeni mwa tundu la haja pakavimba, pakawa pekundu, mwisho pakapasuka, usaha na damu vikamwagika mkekani. Harufu ni ile ile!

Hamisi akamleta bwana mifugo. Akamfunga Jimi mdomo kwa kitambaa, akamkamua, akamwosha kidonda, mimi nimeziba pua.

"Mbwa ana vifuko viwili hapa, kila upande kimoja," akasema. "Maji yake ndiyo yanayonuka hivi. Choo kikiwa kigumu huyasukuma yakatoka. Huyu choo chake laini, vifuko vimeziba, kimoja kimeoza. Mngemleta alipoanza kujiburuta, ningevikamua na yakaisha. Hakuna aliyemwona?"

"Aliyemwona amefukuzwa," Hamisi akasema, akatoka nje.

Jimi alipona. Mbwa yeye alipona!

Nikafunga safari mpaka Msimbati. Somoe akanitandikia mkeka, akaniletea maji, akapiga goti. "Shikamoo, mama." Nikalia, nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi.

"Nimekusamehe, mama," akasema. "Na wale wa kisimani, umewaambia?"

Nikatazama mkeka. Sikuwaambia! Nilikuwa nimekuja kwa siri, nimejitanda kanga mpaka machoni, wasiniulize ninakwenda wapi.

"Basi sirudi," akasema. Wala hakupandisha sauti.

Hamisi alimfuata mkewe. Mjukuu wangu sasa anatembea, na nikienda kumwona ananikimbia kama mgeni.

Ndiyo maana nayasema leo gazetini: Somoe hakuwa akinuka. Alikuwa msafi kuliko mimi. Na mtazame nilivyo mwoga, hata hapa nimeficha jina langu!

Enyi wenye mbwa, mkimwona anajiburuta makalio, msimcheke wala msifukize udi. Mwinueni mkia mtazame, mumwite bwana mifugo mapema. Na nyinyi mama wakwe mnaojiona malkia wa uani, endeleeni kuwanusa watoto wa watu. Mtakuja kukaa peke yenu na usafi wenu, kama nilivyokaa mimi.